Risasi Alizochagua Otilia

Kwa miaka ishirini na miwili Otilia Kasonso alikuwa mtunza silaha katika pori moja la akiba upande wa Ziwa Tanganyika, na hakuna askari aliyetoka kwenda doria bila kwanza kusimama mbele ya dirisha lake lenye nondo. Yeye ndiye aliyewapa bunduki asubuhi, na yeye ndiye aliyezipokea zikirudi na matope. Aliwajua askari kwa bunduki zao kama fundi cherehani anavyowajua watu kwa viuno vyao: huyu anakaza mno mkono wa kulia, yule hasafishi mtutu mpaka afokewe, mwingine anarudisha risasi pungufu kisha anaapa kwa jina la mama yake.

Alipostaafu alirudi Sumbawanga. Alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu Malangali, na shamba la mahindi na ulezi kule Mpui alikozaliwa. Mume wake alikwisha kufariki, binti yake Edith ameolewa Mbeya. Jumapili alihudhuria misa ya kwanza, Jumatatu akaenda shamba, na siku zikawa zinakwenda hivyo bila kumdai jambo kubwa. Kitu kimoja tu kilimsumbua: jicho la kulia, lile la kulengea, lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Akitazama mlima wa Kwela aliuona kama uko nyuma ya chandarua.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukiwa umeanza ukali wake, alikuwa uani akipeta ulezi aliposikia hodi. Alikuwa Meshack, askari polisi mstaafu, mwenyekiti wa chama cha watu wenye leseni za silaha pale mjini.

"Mama Edith, habari za kazi?"

"Nzuri, mzee. Karibu kiti. Usikae upande huo, makapi yatakujaa machoni."

Meshack alikaa, akavuta koti lake la sufi, akaeleza kilichomleta. Alikuwa ametoka kumtembelea mwanawe ng'ambo, na huko ameona mchezo. Watu wanachukua zile pini za mchezo wa boling, vipande vya mbao vyenye umbo la chupa, wanavipanga vitano juu ya meza, kisha mtu anasimama hatua kumi hivi na kuvipiga kwa bastola. Si kuviangusha tu. Lazima kila kimoja kitoke mezani kabisa kianguke chini, upande wa nyuma. Kikilala juu ya meza hakihesabiki, unakipiga tena huku saa inakwenda. Anayeimaliza meza kwa muda mfupi ndiye mshindi.

"Nimemwambia seremala anichongee za mninga," alisema Meshack. "Nzito, tena zimenona. Watu wameshazipa jina, wanaziita chupa. Kibali cha polisi kimetoka. Silaha zitakaa kituoni, zitaletwa kiwanjani na askari na kurudi na askari. Kila timu ni watu wawili: mmoja anapiga, mwingine anaandaa silaha na kujaza magazini. Ninyi mliostaafu wanyamapori mna nafasi ya timu moja. Nataka wewe uchague bastola na risasi."

Otilia alicheka. "Na mpigaji? Mimi jicho ndilo hili."

"Mpigaji yupo. Flavian."

Ungo ulisimama mikononi mwake. Meshack, ambaye hakujua kitu, aliendelea kusema kwamba hajapata kusikia mtu mwenye shabaha kama Flavian, kwamba ni dhambi mkono kama ule kushinda Wampembe, kule ziwani, ukitengeneza nyavu za watu, na kwamba kama kuna mtu anayeweza kumshawishi ni yeye Otilia aliyefanya naye kazi.

Kilichokuwa kimetokea kati ya Otilia na Flavian kilitokea miaka kumi na mitatu nyuma, na Otilia hakuwahi kumsimulia mtu, hata padri kwenye kitubio.

Mwaka ule stoo ya silaha ilikuwa inavuja. Masanduku mawili ya risasi yaliloa, Otilia akayatenga pembeni na kuomba mengine. Aliandika mara ya kwanza, akaandika mara ya pili, akajibiwa asubiri. Siku moja alfajiri zikaja habari kwamba nyati aliyejeruhiwa na majangili ameingia mashamba ya watu. Flavian alikuja mbio dirishani, na risasi nzuri zilikuwa zimekwenda zote na doria kubwa. Otilia akafungua sanduku lililotengwa. Akachagua tano zilizoonekana safi kuliko nyingine, akazifuta kwa kitambaa, akampa. Hakumwambia zimetoka wapi. Alijiambia hakuna muda.

Nyati alitoka kwenye mabingobingo hatua chache mbele ya Flavian. Flavian alivuta kifyatulio, bunduki ikasema ka! na ikanyamaza. Wenzake, waliokuwa na risasi za doria, walimwua yule nyati, lakini alikwisha kumrusha Flavian na kumkanyaga. Mguu wa kushoto ulivunjika mahali pengi, na hata ulipopona ulipona ukiwa mfupi na mkavu.

Jioni ile bunduki ilirudishwa dirishani. Ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, Otilia alikuta risasi moja, na kwenye kitako chake palikuwa na alama ya kugongwa, ndogo na ya duara, kama mtu amebonyeza udongo kwa ncha ya msumari. Maana yake ilikuwa moja tu. Flavian alikoki bunduki yake vizuri, pini ya bunduki iligonga inavyotakiwa, risasi ndiyo iliyogoma. Otilia aliishika kiganjani muda mrefu. Kisha akaenda nayo chooni akaitupa shimoni. Mkuu wa kituo alipouliza, alisema hakuona kasoro yoyote kwenye bunduki. Ripoti ikaandikwa kwamba askari hakukoki silaha yake kwa sababu ya taharuki. Flavian alisomewa akiwa kitandani hospitali.

Sasa Meshack alikuwa amekaa kwenye kiti cha uani, akingoja jibu.

"Nitakwenda kumwona," alisema Otilia, na yeye mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake ikisema hivyo.

Alikwenda juma lililofuata. Gari lilipoanza kuteremka kutoka juu kuelekea ziwani, baridi ilibaki nyuma, akavua sweta, kisha akavua na kitambaa cha shingoni. Alimkuta Flavian nyuma ya nyumba, ameegemeza mkongojo ukutani. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, nywele zimepata mvi. Alifurahi, na furaha yake ndiyo iliyomchoma Otilia. Mkewe, Luciana, alimkumbatia. "Karibu wifi yangu. Miaka yote hii umetutupa!"

Walipokwisha kula Otilia alieleza habari ya chupa. Flavian alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Dada Otilia, mimi na bunduki tuliachana. Mtu aliyesahau kukoki mbele ya nyati hapaswi kupewa silaha tena."

"Una hakika ulisahau?"

"Sikumbuki kusahau. Hilo ndilo linalonisumbua. Nakumbuka mkono wangu ukivuta, nakumbuka sauti kabisa. Lakini ripoti imesema, na bunduki haikulia. Basi kichwa changu kinanidanganya."

Pale ndipo angesema. Badala yake alitazama chini, akanywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo. Luciana ndiye aliyeokoa mazungumzo, akisema kwamba chupa za mbao hazina pembe, na kwamba mwanamume aliyekaa sehemu moja miaka kumi na mitatu anaanza kuota mizizi. "Nenda Sumbawanga ukapigwe na baridi kidogo," alimwambia mumewe. "Ukishindwa, umeshindwa na mbao."

Flavian akakubali.

Otilia alimtafutia mahali pa kulala kwa jirani yake Masunga, Msukuma mfanyabiashara wa ng'ombe aliyehamia Ufipa na mifugo yake zamani, ambaye naye alikuwa mwanachama. Nyumba ya Masunga ilikuwa na nafasi, na mkewe, Minza, hakuwa mtu wa kuuliza mgeni anaondoka lini.

Mazoezi yalifanyika kwenye machimbo ya zamani ya kokoto nje ya mji, palipo na ukuta mrefu wa udongo wa kusimamisha risasi. Meshack alileta bastola tatu za wanachama, na askari polisi aliyekuwa zamu alisimama nazo tangu zinafunguliwa mpaka zinafungwa. Otilia alizipanga juu ya turubai, akazigusa moja moja. Mikono yake iliikumbuka kazi.

Ya kwanza ilikuwa ya milimita tisa, mpya, nyepesi, ile ambayo karibu kila mtu mjini alikuwa akiitaka. Ya pili ilikuwa bastola ya silinda, ya risasi sita. Ya tatu ilikuwa ya Masunga mwenyewe, ya kipimo cha arobaini na tano, chuma kitupu, pana, zaidi ya kilo moja, inayobeba risasi saba nene kama ncha ya kidole gumba.

"Hiyo ya kwangu ni ya kutishia wezi wa ng'ombe," alisema Masunga akicheka. "Ukiining'iniza kiunoni siku nzima unatembea upande."

Flavian alipoishika ile nyepesi mara ya kwanza aliirudisha kwenye turubai, akaichukua tena. Otilia aliona, akajifanya anahesabu risasi. Kisha Flavian alivuta pumzi, akanyoosha mikono, na ile mikono ikatulia kabisa. Akapiga mara tano kwa haraka ambayo Otilia alikuwa ameisahau. Chupa zote tano zilipigwa. Mbili zikaanguka chini. Tatu zikalala mezani zikiviringika taratibu, kama walevi waliokosa njia ya nyumbani.

"Nimezipiga!" alisema Flavian.

"Umezipiga, lakini hazijaondoka. Risasi hii ni nyepesi na ina mbio, inapenya mbao halafu inatulia humo. Sisi tunataka kitu cha kuzisukuma."

Bastola ya silinda ilisukuma vizuri zaidi. Lakini kifyatulio chake kilikuwa kigumu na kirefu, kila risasi ilikuwa kazi, na kwa chupa tano una risasi moja tu ya akiba. Ukikosea mara mbili meza imekushinda. Otilia akairudisha kwenye turubai.

Ikabaki ile ya Masunga. Chupa ya kwanza iliruka ikapiga ukuta wa udongo nyuma. Ya pili vilevile. Ya tatu Flavian aliigusa pembeni, begani, na kilichotokea kilikuwa cha ajabu kidogo: chupa ilizunguka mara moja palepale iliposimama, kisha ikatulia, imesimama wima, kama inamcheka.

Otilia alisubiri bastola itolewe risasi na kuwekwa chini, akaenda mezani, akaichukua ile chupa. Jicho halikumsaidia sana, akatumia kidole. Alifuata jeraha lile kwa ukucha, mfereji mfupi laini uliopita juu ya mbao na kutokea upande wa pili.

"Imeteleza," alisema. "Kichwa cha risasi ni cha mviringo na chupa nayo ni ya mviringo. Usipoipiga katikati ya tumbo, vinapishana."

"Sasa?"

"Masunga, huna za aina nyingine?"

Masunga alikuwa nazo, maboksi mawili ya risasi za kichwa bapa, za madini laini ya risasi yasiyovikwa shaba, alizokuwa amezinunua dukani kwa kibali chake na kuziacha kituoni kwa sababu hakuzipenda sura. Siku ya pili wakazijaribu. Zilikuwa nzito na za mwendo wa pole, na zile zilizogusa begani hazikuteleza. Ule ubapa uliing'ata mbao, ukaibeba mpaka nje ya meza. Flavian alipiga meza tatu, chupa kumi na tano, ikabaki moja tu.

Tatizo likawa mguu. Kila risasi ilipotoka bastola ilipiga teke, mwili wote wa Flavian ukayumba kuegemea mguu mbovu, na kabla hajalenga tena ilimbidi ajirudishe wima. Otilia alimzunguka mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akamwambia autangulize mguu mbovu mbele, bila kuupa mzigo, na mguu mzima aurudishe nyuma, na mwili auegemeze mbele kidogo. Teke likija lipokewe na mguu wa nyuma. Walijaribu. Na uzito wa bastola, ule aliokuwa akiulalamikia Masunga, sasa ukawa msaada, kwa sababu chuma chenyewe kilimeza sehemu ya teke kabla halijafika begani.

"Ungekuwa mwalimu," alisema Flavian, akitabasamu. "Ungetufundisha sote pale porini."

Otilia aliketi juu ya jiwe akaanza kuzikagua risasi za maboksi yale. Aliipitisha kila moja katikati ya vidole, akaangalia kama ganda lina mkunjo, kama kichwa kimekaa sawa, kama kitako kina kutu. Alitenga saba. Flavian aliona anachukua muda mrefu, akamtania kwamba anachagua maharage ya mbegu.

Siku nne kabla ya mashindano, wakiwa katikati ya meza ya pili, bastola ilisema ka!

Flavian hakushusha mikono. Aliendelea kuielekeza kwenye ukuta wa udongo, kama inavyotakiwa, kwa sababu risasi iliyogoma inaweza kulia kwa kuchelewa. Alihesabu polepole kwa sauti mpaka thelathini. Kisha akavuta mtambo nyuma, risasi ikadondoka kwenye kokoto. Alipoihakikisha bastola kuwa tupu na kuiweka mezani, aliinama kwa shida, akaiokota ile risasi na kuigeuza.

"Angalia hapa, dada Otilia." Sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Kitako kimegongwa. Unaona kidoti hiki? Bunduki imekokiwa sawasawa, imefanya kazi yake, risasi tu ndiyo imekataa." Aliinyanyua kwenye mwanga. "Siku ile kama wangekuta risasi ya namna hii ndani ya chemba, mimi ningelala usingizi kama watu wengine."

Otilia akakaa chini, juu ya kokoto, hakutafuta hata jiwe.

"Walikuta," alisema.

"Nani walikuta?"

"Mimi. Mimi nilikuta, Flavian. Ilikuwa na alama kama hiyo. Ulikoki. Hukusahau kitu."

Alisema yote, macho yake yakitazama chini: stoo iliyovuja, sanduku lililotengwa, kitambaa alichofutia zile risasi tano, shimo la choo. Masunga na Meshack walikuwa karibu wakasikia, hawakujua watazame wapi. Upepo ulikuwa ukivuma juu ya machimbo na kuleta vumbi.

Flavian hakupiga kelele. Angepiga kelele, Otilia angejua la kufanya. Alisimama tu, ile risasi mkononi.

"Ulijua tangu jioni ileile," alisema mwishowe.

"Tangu jioni ileile."

"Mguu nisingeuuliza. Mguu ni kazi, kila mmoja wetu alijua anaweza kurudi vipande. Lakini mikono yangu, Otilia." Hakusema dada. "Miaka kumi na mitatu naishtaki mikono yangu mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa sikutaka kumpokea, niliogopa nitamwangusha. Muulize Luciana."

Akaitua ile risasi mezani, akachukua mkongojo, akaondoka kwa mguu wake ule mpaka barabarani. Masunga alimfuata kwa pikipiki.

Siku mbili hakuonekana kiwanjani. Otilia alikwenda mara moja mpaka kwenye lango la Masunga, na Minza akatoka akamwambia kwa upole kwamba mgeni amepumzika. Alirudi nyumbani akaacha ulezi vilevile, haujapetwa. Hakulia. Alikuwa na hisia ya mtu aliyetua mzigo halafu akakuta mgongo hautaki kunyooka.

Siku ya tatu asubuhi Flavian mwenyewe alibisha hodi. Hakukaa alipokaribishwa.

"Nataka uandike," alisema. "Kwa mkuu wa kituo aliyepo sasa kule porini. Andika ulichotoa, ulichokuta na ulichotupa. Uweke sahihi. Nakala moja nipe mimi."

Otilia alileta karatasi. Aliandika palepale mezani, akiliinamia daftari karibu pua iguse kwa sababu ya jicho, na alipofika pale pa choo alisita kidogo, kisha akaandika. Flavian alisoma nakala zote mbili akiwa amesimama. Akamrudishia moja, nyingine akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa shati. Waliongozana mpaka posta.

Walipotoka posta Flavian aliuliza, "Zile risasi zimebaki ngapi?"

"Sitini na moja. Ile iliyogoma nimeikabidhi kituoni. Nimezikagua upya zote, lakini Flavian, nisikudanganye tena. Nikiangalia kwa nje siwezi kujua kilichomo ndani. Ile nayo niliikagua, ikapita."

"Hilo najua. Ningekuwa na habari kama hiyo asubuhi ile, ningepanda mti kwanza ndipo nipige." Alifikiri kidogo. "Tutatumia hizohizo."

Jumamosi ya mashindano watu walijaa machimboni, wamevaa makoti na vitenge vya kujitanda. Kulikuwa na timu tisa. Kamba ilifungwa mbali nyuma ya wapigaji, na Meshack alikuwa na kipaza sauti alichokipenda kupita kiasi. Alipoita jina la Flavian, Otilia alisikia nyuma yake wastaafu wawili wakinong'ona. Mmoja aliuliza ni Flavian yupi, mwenzake akajibu, "Yule aliyesahau kukoki."

Otilia aligeuka. Kisha akaona kugeuka hakutoshi. Akaenda kwa Meshack akaomba kipaza sauti.

"Mimi ni Otilia Kasonso, nilikuwa mtunza silaha," alisema, na sauti yake ilirudi kutoka kwenye ukuta wa udongo. "Wapo hapa waliosikia kwamba Flavian hakukoki bunduki mbele ya nyati. Alikoki. Risasi nilimpa mimi, zilikuwa mbovu, na nilijua. Nilinyamaza. Nimeshaandika kwa mkuu. Basi, ni hilo tu."

Alikirudisha kipaza sauti. Hakuna aliyepiga makofi, na hakutaka yapigwe. Baadhi ya watu walimtazama vibaya, na mama mmoja wa jumuiya yake ya kanisani aligeuza uso. Otilia akaenda mezani, akachukua magazini, akaanza kuijaza: moja, mbili, tatu, akizisikiliza zinavyobana springi. Akampa Flavian.

Flavian alitanguliza mguu mbovu, akaegemea mbele. Kwa amri ya Meshack alipiga. Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu ziliruka mfululizo. Ya nne aliipiga chini mno ikalala mezani. Ya tano ikaondoka. Akarudi kwenye ya nne akaisukuma. Sekunde saba na kitu. Meza ya pili alifanya vizuri zaidi, na ya tatu akapiga risasi tano kwa chupa tano, watu wakapiga vigelegele mpaka Minza akaangusha mtandio.

Fainali ilikuwa dhidi ya Calvin, kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki, mwenye bastola mpya ya milimita tisa kama ile ya kwanza waliyoijaribu. Calvin alikuwa na mbio kweli. Chupa zake zililala mezani mara nyingi, lakini alizirudia haraka kiasi kwamba sauti za risasi zilikuwa zinaungana. Flavian alitumia risasi sita, Calvin tisa. Calvin alimaliza mbele kwa nusu sekunde.

"Mzee, shikamoo," alisema kijana akija kumpa mkono, bado anahema. "Umenikimbiza, mzee wangu. Meza ingekuwa pana kidogo tu, chupa zangu zisingetoka."

"Marahaba. Badili risasi," Flavian alimwambia. "Tafuta nzito zaidi za bastola hiyohiyo. Muulize huyu mama."

Calvin akamgeukia Otilia, akauliza, na Otilia akamweleza kwa urefu, kwa mikono, akimwonyesha mashimo kwenye chupa. Flavian alikaa pembeni akinyoosha mguu, akisikiliza, akiongeza neno hapa na pale.

Aliondoka Jumatatu. Hakumwambia Otilia amemsamehe, na Otilia hakuuliza. Kwenye mlango wa gari walipeana mikono, na Flavian akasema ampelekee habari barua ikijibiwa.

Jibu lilikuja mwezi wa nane, la mistari michache: jalada limefunguliwa upya, wahusika wataitwa. Otilia alipiga simu Wampembe akamsomea. Kwenye simu akasikia sauti ya Luciana kwa mbali ikiuliza ni nani, na Flavian akijibu, "Ni dada Otilia wa Sumbawanga." Halafu akarudi kwenye simu akauliza kama upepo umepungua huko juu, na kama jicho ameshalipeleka kwa daktari. Otilia akasema upepo bado, na jicho, miadi ni wiki ijayo.